Karanga za jero na namba ya NIDA ya mtu

Juzi natoka kazini nimesimama pale Posta nasubiri gari ya Tabata, njaa inauma, akapita dogo wa karanga anachezesha zile sarafu zake mkononi, nikanunua za jero. Unazijua zile zinazofungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama kikofia. Nikala nikala mpaka nikafika chini kule kwenye chumvi, karatasi ikaanza kufunguka yenyewe, nikaona wino wa bluu. Na mi nina tabia mbaya ya kusoma karatasi ya vitumbua, ya maandazi, chochote kile, toka mdogo niko hivyo. Nikaikunjua.

Ilikuwa fomu ya maombi ya mkopo wa kikundi. Sio kipande, ukurasa mzima. Majina matatu, mtaa anaoishi, jina la mwenye nyumba, namba mbili za simu, mdhamini wake ni nani na anafanya biashara gani, dole gumba limegongwa pale chini, na juu kabisa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, kila moja ndani ya kiboksi chake, mwandiko ule wa mtu anayeogopa kukosea akaambiwa anunue fomu nyingine. Na namba zetu si zinaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwahiyo hata kabla sijasoma jina nilishajua huyu mama ana miaka mingapi na kwamba bethidei yake ilikuwa wiki mbili nyuma. Nimesimama stendi, vidole vina chumvi, nimeshika maisha ya mtu.

Nikashindwa nifanye nini nayo. Kuitupa chini roho inakataa. Kumpigia simu, nitamwambiaje, habari dada samahani nimekula karanga kwenye fomu yako ya mkopo? Nikaikunja nikaiweka kwenye pochi, nimefika nyumbani nikawashia nayo mkaa. Dogo wa karanga sina ugomvi naye hata kidogo, yeye karatasi ananunua kwa kilo kama wauza vitumbua wote wa huu mji.

Sasa siku hizi kila ukikaa na watu mada ni hiyo, serikali na namba za kidijitali, hii Jamii Namba inayozungumzwa kwamba mtoto anazaliwa anapewa namba moja anaenda nayo mpaka kaburini, shule hiyo hiyo, hospitali hiyo hiyo, benki hiyo hiyo. Wapo wanaosema ndo ile 666 ya kwenye Ufunuo. Wapo wanaosema tutafuatiliwa mpaka chumbani. Alafu wapo wale wa "kama huna cha kuficha unaogopa nini", hawa ndo wananichosha kuliko wote, maana wao wenyewe ukiwaambia naomba simu yako nicheki kitu kidogo wanaivuta kifuani.

Mi sio mpinzani wa kitambulisho, niseme mapema. Nakumbuka maisha kabla yake, unataka kufungua akaunti unaenda kwa mjumbe, mjumbe hayupo kaenda msibani, unasubiri, unapata barua unaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti naye muhuri kauacha nyumbani, siku tatu zimeisha hujathibitisha kwamba we ni we. Na nchi yenyewe ilijivuta, sheria ya usajili na utambuzi wa watu ni ya 1986, NIDA ikaja kuanzishwa 2008, kadi za kwanza ndo zinatoka 2013 Rais Kikwete akapokea ya kwake. Miaka 27 toka sheria mpaka kadi. Mtu kazaliwa, kasoma, kaoa, kadi bado.

Alafu ghafla bin vuu ikawa haraka. Mei mosi 2019 usajili wa laini kwa alama za vidole ukaanza, na bila namba ya NIDA husajili, mwisho ukawekwa 31 Desemba, kilichofuata tunakijua wote. Watu wanaamka saa tisa usiku kushika foleni, kina mama na watoto mgongoni, mawe yanapangwa kuwakilisha watu, mpaka Rais Magufuli akaongeza siku 20 ikafika 20 Januari 2020. Na katika foleni ile mi sikusikia hata mtu mmoja akiuliza hivi vidole vyangu vinaenda kukaa wapi na nani ana funguo. Swali lilikuwa moja tu, "namba imetoka?" Nani auulize mengine wakati laini ndo ina hela yako, wateja wako, na mchumba wako yupo humo humo. Ukitaka mtu akupe kila kitu bila maswali mwambie laini inafungwa ijumaa.

Hapo sasa nifike kwa mama yangu.

Mama kakaanga samaki miaka zaidi ya ishirini, vidole vyake vimelainika kama sahani ya udongo, mashine haivioni. Siku ya kusajili laini tulikuwa kwa kijana mmoja chini ya mwavuli, barabarani tu, ana kimashine chake na simu mbili. Mama anaweka kidole, kijana anasema haijasoma mama, futa kwanza, haya pangusa kwenye paji la uso kishike mafuta, weka tena, haijasoma, jaribu hiki cha pili, haijasoma, weka tena mama. Kaweka mara saba au nane. Na mi nimesimama pembeni namsifia moyoni, nasema vijana wenye subira na wazee bado wapo. Nikamwachia na buku ya soda.

Mwaka jana kazini tukawa tunaongelea matapeli, mwenzangu akaniambia hivi we umeshawahi kupiga *106# ukaona laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako? Nikapiga ya kwangu, iko moja, safi. Jioni nikachukua kiswaswadu cha mama nikapiga. Zikaja mbili. Mama laini mbili anazitoa wapi, hiyo moja yenyewe kuweka vocha anaita mjukuu.

Kumbe ilikuwa inasoma.

Nikaipigia ile namba. Ikaita. Akapokea mwanaume, sauti ya upole kabisa, "halo, nani mwenzangu?" nikakata, mikono inatetemeka utadhani mwizi ni mimi. Miaka yote hiyo kuna mtu anatembea na jina la mama yangu mfukoni. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" lazima zitoke kwenye laini ya mtu, na siku polisi wakifuatilia hawaendi kwa mwenye sauti ya upole, wanakuja kugonga kwa mama muuza samaki wanamuuliza milioni mbili za watu kapeleka wapi. Mama akawa analala na kadi yake ya NIDA chini ya mto, sijui alidhani itasaidia nini.

Tukaenda kwenye duka la mtandao wenyewe, siutaji, na mitandao yote najua wana kesi hizi. Tumekaa foleni masaa mawili. Binti wa kaunta mkarimu tu, akasema inafutika, haina shida, ila ili tuifute lazima mama aweke kidole. Yaani laini ambayo hakuisajili, ili itoke, athibitishe kwa kidole kile kile kilichoibiwa. Mama akaweka. Binti akaangalia skrini akasema, "weka tena mama, haijasoma."

Mama akanigeukia akaniangalia. Sitaisahau ile sura.

(Ikafutika lakini, ilichukua kama dakika arobaini. Na ukipata ile meseji ya kitapeli kuna namba ya kuripoti, 15040, unaituma huko meseji yenyewe, kisha na namba iliyokutumia. Pigeni na hiyo *106# leo leo, msiseme sikuwaambia, na mpigie wazazi wenu.)

Nikisimulia hii kitu watu wananiambia we unajifanya mzungu, uswahilini siri iko wapi, unaoga watu wanasikia maji. Kweli. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mungu amrehemu, alikuwa anajua kila kitu, nani kalala kwa nani, nani kafukuzwa kazi anatoka na begi asubuhi anazuga, binti wa nani hajaonekana miezi mitatu. Rejista yote ilikuwa kichwani kwake. Na hakuna aliyelalamika kuhusu faragha, hilo neno lenyewe tumelijua juzi.

Nimeliwaza sana hili kwasababu nilihisi wana pointi. Ila tofauti niliiona. Mjumbe alikuwa ananijua, na mimi namjua. Namjua deni lake dukani, namjua mke mdogo wa Buguruni ambaye yeye alidhani hatujui. Akiokota habari yangu asubuhi akaimwaga kijiweni mchana, jioni nilishajua imetoka kwake, na mama anamfuata barazani anamwambia mjumbe shikamoo, naomba tuongee. Kulikuwa na aibu kati yetu, na aibu ni kufuli moja zuri sana. Sasa hivi mtu akifungua taarifa zangu kwenye kompyuta saa saba mchana anasubiri chakula chake, mi nitajuaje? Nitamfuata baraza gani?

Maana tukisema "serikali inatuona" tunapiga picha jicho kubwa hivi limekaa juu mawinguni. Serikali niliyokutana nayo mimi ni kijana kakaa nyuma ya meza ana paswedi, ana kodi ya nyumba haijalipwa, na ana rafiki anayempigia anamwambia "mwanangu niangalizie hii namba ni ya nani". Hiyo niangalizie ndo naiogopa. Na tusidanganyane hapa, wote tuna jamaa yetu mahali. Jamaa wa kule, jamaa wa pale, anakuchekia faili lako limekwama wapi, tunamnunulia soda na tunamsifia kwamba ana roho nzuri. Mimi mwenyewe nishawahi kuangaliziwa namba ya mtu, ilinihusu sana kipindi kile, sitaki kuingia ndani. Jamaa aliniangalizia kwa dakika tatu. Sikujiuliza wangapi wameniangalizia mimi.

Baba mdogo wangu ananicheka, anasema nyie vitambulisho mmevijua juzi. Yeye 1983 alikuwa kijana Manzese, katoka Lindi anabangaiza, ikaja ile Nguvu Kazi, sheria ikapitishwa kabisa, kwamba kila mtu aonyeshe kadi kwamba ana kazi halali, asiyekuwa nayo mzururaji, anapakiwa anarudishwa kijijini akalime. Alikamatwa anatoka kununua mkate. Anasema alikuwa na kazi, anauza maji kwa mkokoteni, ila mkokoteni hauandiki barua. Alipanda lori na ule mkate. Baada ya miezi akarudi mjini kwa miguu yake kama walivyorudi wengi, na leo anaisimulia kama kichekesho, lakini ukimwambia kuna uandikishaji wowote, hata wa chandarua, huyu mzee anatoka kwa mlango wa nyuma. Karatasi ile ile inayokusaidia kupata mkate ndo iliyompandisha lori na mkate mkononi, inategemea tu siku hiyo imeshikwa na nani.

Majirani zetu Kenya mi nawaonea wivu, sio kwa kitambulisho chao, kwa ubishi wao. Huduma Namba ilianza 2019, ikataka mpaka vinasaba na mahali nyumba ilipo kwa setilaiti, watu wakaenda mahakamani, Januari 2020 Mahakama Kuu ikakata hayo mawili na kusema mfumo usubiri uwe na sheria za kueleweka, alafu Oktoba 2021 ikasema zile kadi zimetolewa kinyume cha sheria kwasababu hawakupima kwanza madhara kwa taarifa za watu. Mabilioni yameshatumika. Serikali mpya ikaja na Maisha Namba 2023, ikakuta wale wale mlangoni na makaratasi yao. Uingereza nao walipitisha sheria ya vitambulisho 2006, serikali nyingine ikaingia 2010 ikafuta kila kitu na rejista ikateketezwa, diski zikasagwa kabisa, na septemba 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akalirudisha wazo hilo kwa mlango wa kidijitali, watu zaidi ya milioni mbili wakasaini kupinga. Kwahiyo sio ushamba wetu.

Ila inayonikaa kichwani ni Estonia, kinchi kidogo kule Ulaya kina watu wachache kuliko Dar. Kule karibu kila kitu kiko kwenye kitambulisho, na raia anaweza kuingia mtandaoni akaona taasisi ipi ilifungua taarifa zake na lini. Daktari kachungulia, anaonekana. Polisi kachungulia, anaonekana. Sio malaika, 2017 kadi zao zaidi ya laki saba ziligundulika zina udhaifu kwenye chipu wakahaha usiku na mchana kuzirekebisha. Lakini hiyo ya kumuona aliyekuona, ndo ile ya mjumbe wangu. Mi nikipewa hiyo, hiyo Jamii Namba niandikeni hata kesho asubuhi, nakuja na mama.

Maana sheria sio kwamba hatuna. Katiba ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei mosi 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua aprili 2024. Kwa sheria hiyo unaweza kwenda mahali ukauliza mna nini kuhusu mimi, ukataka warekebishe, ukawaambia acheni kunitumia matangazo, na ukiumizwa ukadai fidia. Nilivyoisoma nilishangaa, nikasema kumbe. Kuna sehemu za usalama wa taifa pale mlango umeachwa wazi mpana kuliko ninavyopenda, lakini kumbe. Na Benki Kuu nayo novemba 2024 iliyafungia majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, zile zinazonyonya majina yote kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili tu bosi wako na mama mkwe wanapokea meseji mwambieni fulani alipe deni.

Tatizo sheria iko juu kule na maisha yetu yako steshenari. Unaenda kuprinti kitambulisho, kijana anakwambia nitumie hapa dada, WhatsApp ya duka iko wazi kwenye kompyuta, unatuma, anashusha, anaprinti, mia mbili. Nilichungulia skrini siku moja nikaona folda ya vilivyoshushwa, NIDA za watu, vyeti vya ndoa, majibu ya ultrasaundi, pasipoti ya mtoto, kitambulisho changu kimelala katikati ya harusi ya mtu. Nikamwambia kaka futa yangu. Akaifuta. Nikamwambia na kwenye pipa la humo ndani. Akacheka, akasema dada we mnoko, akaifuta na huko. Za wengine zikabaki, na nyuma yangu mzee mmoja ameshanyoosha simu yake anasema mwanangu nisaidie mimi sijui kutuma.

Siku hizi kopi yangu ya NIDA naichora. Nachukua peni naandika kwa juu ikipita katikati, kwa ajili ya kufungua akaunti tu, na tarehe. Wengine wanakubali, wengine wananiambia umeharibu dada kalete nyingine.

Wiki iliyopita nimeenda ofisi moja mjini kumpelekea mtu mzigo. Getini mlinzi, mzee wa makamo, ana daftari la wageni kubwa lile la jalada gumu, kalipiga mistari kwa rula: jina, simu, namba ya NIDA, unaenda kwa nani, saa, sahihi. Nikamwambia shikamoo baba. Marahaba mwanangu, andika hapo. Nikaandika jina na simu, kwenye NIDA nikaandika tarakimu nne za mwisho basi. Akavaa miwani akaangalia.

"Hii haijatimia mwanangu."

"Baba, kwani inatumika kufanyia nini?"

Akafikiria. Kwa kweli alifikiria, hakuwa na ubabe. Akasema mi nilipoajiriwa nimekuta hicho kimstari kipo, nikawa nakipiga kila nikifungua daftari jipya.

Nikamuuliza na yakijaa haya unayapeleka wapi. Akainama akanionyesha chini ya kiti, yako matatu yamefungwa kwa kamba ya katani, vumbi. Akasema ya zamani hayapo, kuna vijana huwa wanapita wanayachukua.

"Vijana wa wapi baba?"

"Wa karatasi hao. Wananunua kwa kilo."